Anayejitolea vitani aandikwe jina

Watu wa Afrika Mashariki wanaoishi Fridley, mji mdogo ulioshikana na Minneapolis upande wa kaskazini, hupita kila siku barabara ya East River Road wakienda kazini au kuwapeleka watoto shule. Barabara hiyo inafuata njia ya zamani ya mikokoteni ya ng'ombe. Kando yake, karibu na mahali kijito cha Rice Creek kinapoingia Mto Mississippi, bado imesimama nyumba ya John Banfill, iliyojengwa mwaka 1847 iwe nyumba ya wageni kwa wasafiri wa njia hiyo. Leo ni kituo cha sanaa. Wengi hupita bila kugeuza shingo.

Mwaka 1861 mji huo haukuitwa Fridley. Ulikuwa sehemu ya Manomin, kaunti ndogo kuliko karibu kaunti zote zilizowahi kuwepo Marekani, yenye wakazi wasiofika mia mbili, ambayo ilifutwa mwaka 1869 na ardhi yake ikaunganishwa na kaunti ya Anoka. Jimbo lenyewe la Minnesota lilikuwa na umri wa chini ya miaka mitatu. Kutoka huku pembezoni, kwenye misitu na mashamba mapya, ndiko yalikotoka majina ya kwanza ya askari wa kujitolea katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kisa cha majina hayo kinawahusu sana wasomaji wa Goma, Bukavu, Kampala na Dar es Salaam, ingawa tangu askari hao waandikishwe imepita zaidi ya miaka 160.

Habari za kutekwa kwa ngome ya Sumter, kule South Carolina, zilimkuta Gavana Alexander Ramsey akiwa Washington kwa shughuli za jimbo lake. Asubuhi ya Aprili 14, 1861, alikwenda moja kwa moja kwa waziri wa vita, Simon Cameron, akaahidi kwa maandishi askari 1,000 kutoka Minnesota. Hakuna jimbo lililomtangulia. Rais Abraham Lincoln alikuwa hajatoa hata wito wake wa watu 75,000. Wito huo ulitoka siku iliyofuata.

Mjini Anoka, mwendo wa kama kilomita 20 kupanda mto kutoka Fridley, wenyeji wanashikilia mpaka leo kwamba mtu wa kwanza katika nchi nzima kutia saini ya kujitolea alikuwa wao, Aaron Greenwald. Saint Paul nao wanamtaja wao, Josias King, na sanamu yake wameiweka juu ya mnara wa kumbukumbu ya askari. Miji miwili inagombania saini moja, na ugomvi huo una maana kubwa. Wanachogombania ni nani aliyetangulia kuandika jina kwenye karatasi. Hawabishani juu ya aliyeua watu wengi zaidi wala aliyeteka mzinga.

Askari hao walikusanywa Fort Snelling, ngome iliyojengwa kwenye mwinuko ambapo mito ya Mississippi na Minnesota inakutana, na tarehe 29 Aprili 1861 wakaapishwa kuwa Rejimenti ya Kwanza ya Askari wa Miguu wa Kujitolea wa Minnesota. Rejimenti ilikuwa na kombania kumi, na kila kombania ilikuwa ya mji wake: Saint Paul, Stillwater, Minneapolis, Saint Anthony, Red Wing, Faribault, Wabasha, Winona na kwingineko. Mtu alipigana akiwa bega kwa bega na jirani yake, shemeji yake au karani wa duka alilonunua unga. Makapteni walichaguliwa kwa kura na askari wenyewe. Kanali aliteuliwa na gavana.

Halafu serikali ikabadili masharti. Watu hawa walikuwa wamejiandikisha kwa miezi mitatu, kwa kuwa kila mtu aliamini vita vitakwisha kabla ya mavuno. Mwezi Mei ikaja amri kutoka Washington kwamba rejimenti itapokewa kwa miaka mitatu. Askari waliulizwa mmoja mmoja. Waliokubali walibaki, waliokataa waliachwa warudi makwao, na nafasi zao zikajazwa na wengine waliokuja kwa hiari. Upande wa Kusini, wa majimbo yaliyoasi, mambo yakaenda kinyume. Mwezi Aprili 1862 bunge lao lilipitisha sheria ya kulazimisha watu jeshini, na waliokuwa wamejitolea kwa mwaka mmoja wakaongezewa muda hadi miaka mitatu bila kuulizwa. Kaskazini nako kulilazimishana baadaye, kuanzia Machi 1863, kwa sheria iliyomruhusu mwenye dola 300 kulipa na kubaki nyumbani. Julai mwaka huo New York ikawaka moto kwa ghasia za kuipinga sheria hiyo. Lakini wale wa Mei 1861 pale Fort Snelling waliulizwa, na kwa macho ya haki tendo hilo dogo lina uzito kuliko hotuba zote za uzalendo zilizotolewa mwezi ule.

Kombania ya Red Wing ilikuja na mhariri wa gazeti aliyekuwa pia mwanasheria, William Colvill, mwanamume mrefu kupita kiasi aliyechaguliwa kuwa kapteni wao. Kufikia mwaka 1863 alikuwa kanali anayeongoza rejimenti nzima. Mwishoni mwa Juni mwaka huo, jeshi likikimbizana na wakati kuelekea Pennsylvania, mkuu mmoja alitoa amri askari wavuke kijito kwa kuchovya miguu majini ili wasichelewe. Askari wa miguu akitembea siku nzima na viatu vilivyolowa, ngozi ya nyayo humtoka. Watu wa Colvill walivuka juu ya magogo. Kwa kosa hilo kanali aliwekwa chini ya ulinzi na kunyang'anywa uongozi wa rejimenti yake. Alirudishiwa Julai 2, siku yenyewe ya mapigano.

Jioni hiyo, karibu na mji wa Gettysburg, mstari wa Kaskazini ulipasuka. Brigedi ya Kusini kutoka Alabama chini ya Jenerali Cadmus Wilcox ilikuwa inakuja kwenye pengo, na askari wa akiba walikuwa bado njiani. Jenerali Winfield Scott Hancock alipotazama ni nani aliye karibu, aliwaona watu 262 tu, kombania nane za Minnesota. Akawaamuru washambulie. Alihitaji dakika tano. Walishuka mteremko wakikimbia kuelekea kijito cha Plum Run, singe zikiwa kwenye bunduki, dhidi ya adui aliyewazidi mara kadhaa, na wakamsimamisha. Kwa hesabu iliyozoeleka, 215 kati ya hao 262 waliuawa au kujeruhiwa. Wapo wanahistoria wanaoipinga hesabu hiyo, ila hakuna anayebisha kwamba zaidi ya nusu walianguka. Colvill alipigwa risasi begani na mguuni. Aaron Greenwald wa Anoka alijeruhiwa hapohapo Gettysburg na akafa siku chache baadaye.

Kesho yake waliosalia waliwekwa tena mstarini, safari hii kwenye njia ya shambulio kubwa la Jenerali Pickett wa Kusini. Askari mmoja wa Saint Paul, Marshall Sherman, aliteka bendera ya Rejimenti ya 28 ya Virginia. Bendera hiyo iko hadi leo mikononi mwa Chama cha Historia cha Minnesota. Virginia wameiomba mara kadhaa, na magavana wa Minnesota, wa vyama tofauti, wamekataa kila mara.

Hapo ndipo masimulizi mengi hukomea: kwenye dakika tano za Plum Run, bendera na sanamu ya Colvill ndani ya jengo la bunge la jimbo. Ushujaa ule ulikuwa wa kweli na unastahili sanamu. Lakini msomaji wa Afrika Mashariki atazame pia kazi ya makarani. Mwaka 1890 jimbo la Minnesota lilichapisha kitabu cha historia ya askari wake wa vita vile, chenye orodha za rejimenti zote. Kila askari ana mstari wake: jina, umri, siku aliyoingia, siku aliyotoka, na neno la pembeni kama alikufa, alijeruhiwa, alihamishwa au alitoroka. Mtoto wa askari wa kawaida, asiye na cheo wala mali, aliweza kufungua kitabu cha serikali akamkuta baba yake.

Mstari huo wa karatasi ulikuwa na thamani ya fedha. Kwa sheria ya Julai 1862, askari wa Kaskazini aliyelemaa, na mjane au yatima wa aliyekufa, walipata haki ya pensheni. Sheria ya 1890 ikapanua mlango huo zaidi, hata kufikia miaka ya 1890 pensheni za vita vile zilikuwa zinakula karibu dola nne katika kila kumi za matumizi ya serikali kuu. Mtu wa mwisho kulipwa kwa ajili ya vita hivyo alikuwa binti wa askari wa North Carolina aliyepigania Kusini kwanza, kisha akahamia Kaskazini, na kuzaa uzeeni. Binti huyo alikufa mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 90. Mpaka mwezi wa mwisho wa uhai wake, hazina ya Marekani ilikuwa ikimlipa dola 73 na senti 13 kwa mwezi, kwa saini ambayo baba yake aliiweka zaidi ya miaka 150 kabla.

Tusiitukuze serikali ile kupita kiasi. Iliwaheshimu iliowaandika, na kuna watu iliowaandika kwa makusudi mengine kabisa.

Agosti 1862, wakati Rejimenti ya Kwanza iko mbali mashariki, Wadakota, wenyeji wa asili wa bonde la Mto Minnesota, walikuwa na njaa. Walikuwa wameuza ardhi yao kwa mikataba, na malipo ya mwaka yalichelewa kwa sababu Washington ilikuwa imezama katika vita. Wafanyabiashara wakakataa kuwakopesha chakula. Vita vikalipuka Agosti 18, siku ileile dhahabu ya malipo ilipofika Fort Ridgely. Walowezi mamia waliuawa katika majuma machache. Rejimenti ya Tatu ya Minnesota, iliyokuwa imejisalimisha kwa Wakusini huko Tennessee na kuachiwa kwa ahadi ya kutopigana nao tena, ilirudishwa nyumbani kupigana na Wadakota. Tume ya kijeshi iliwahukumu kifo watu 303, wengine kwa kesi za dakika chache. Lincoln alipitia majalada na kupunguza idadi, na tarehe 26 Desemba 1862 Wadakota 38 walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato. Wanawake, watoto na wazee wapatao 1,600 walifungiwa kambini chini ya Fort Snelling msimu mzima wa baridi. Waliokufa humo, kwa maradhi na baridi, walikuwa kati ya 130 na 300. Hesabu yao kamili haijulikani kwa sababu hakuna aliyejali kuiandika sawasawa, na ngome ni ileile ambako majina ya askari wa kujitolea yaliandikwa kwa kalamu ya makini.

Msafiri anayetua uwanja wa ndege wa Minneapolis na Saint Paul anashukia pembeni ya ngome hiyo. Hatua chache kutoka hapo lipo jengo la serikali kuu lenye jina la Askofu Henry Whipple, kasisi aliyemsihi Lincoln juu ya dhuluma waliyofanyiwa Wadakota. Ndani ya jengo hilo kuna mahakama ya uhamiaji, ambamo wahamiaji, Waafrika Mashariki wakiwemo, husubiri majina yao yaitwe. Wachache wao wameelezwa historia ya ardhi wanayoikanyaga. Shule na misikiti na makanisa ya Waafrika Mashariki katika miji hiyo zingefanya vyema kuwapeleka vijana pale siku moja, wakaione ngome na sehemu ya kambi, vyote viwili kwa safari moja.

Wanajeshi weusi nao walionja upande wa pili wa daftari. Baada ya Lincoln kutangaza uhuru wa watumwa wa majimbo yaliyoasi, Januari 1, 1863, watu weusi wapatao 180,000 waliingia jeshini upande wa Kaskazini. Askari mweupe alilipwa dola 13 kwa mwezi. Mweusi alilipwa 10, na humo alikatwa 3 za mavazi. Rejimenti za 54 na 55 za Massachusetts, zote za kujitolea, ziligoma kupokea hata senti. Walipigana, wakafa na wakaendelea kukataa mshahara wa nusu, huku familia zao zikitaabika, mpaka Juni 1864 bunge lilipowasawazisha. Katika Rejimenti ya 55 alikuwemo Nicholas Said, mzaliwa wa Borno, sehemu iliyo leo kaskazini mashariki mwa Nigeria, aliyekuwa ametekwa utumwani akiwa mtoto na akapanda hadi cheo cha sajini. Madai ya watu hawa yalikuwa juu ya mkataba. Aliyeitwa kwa hiari alipwe sawa na mwenzake aliyeitwa kwa hiari.

Sasa turudi kwetu.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wajerumani walipigana Afrika Mashariki juu ya vichwa vya wapagazi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi hao hadi leo. Wengi wao hawakujitolea, walikamatwa vijijini. Walipokufa kwa kuhara, malaria na njaa, wengi walizikwa bila alama. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakiitumikia dola ya Uingereza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi hiyo huenda ikafika 350,000. Mkulima wa Anoka ana mstari wake kitabuni. Babu wa Kisukuma au wa Kikamba aliyekufa na mzigo kichwani hana.

Hilo ni la karne iliyopita na tunaweza kuwalaumu wakoloni. La Kongo ya leo tutamlaumu nani?

Novemba 2022, waasi wa M23 wakisonga mbele katika Kivu ya Kaskazini, Rais Félix Tshisekedi aliwataka vijana wajipange katika vikundi vya ulinzi. Mwaka uliofuata bunge la Kinshasa lilipitisha sheria ya jeshi la akiba. Maelfu wakaitika chini ya jina la Wazalendo. Wamo vijana walioacha mashamba na bodaboda kwa moyo safi wa kulinda vijiji vyao, dhidi ya kundi ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti mara kwa mara kwamba linasaidiwa na Rwanda. Yamo pia makundi ya zamani yenye silaha yaliyobadili jina tu. Goma ilianguka Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata, na Wazalendo wameendelea kupigana. Ripoti za haki za binadamu zimeeleza vizuizi vya barabarani ambako raia hutozwa fedha, na watoto waliobebeshwa bunduki.

Kizuizi cha barabarani hakitokani na tabia mbaya ya watu wa Kivu. Kijana asiye na mshahara, asiye na tarehe ya kutoka na asiye na jina lake popote isipokuwa kwa kamanda wake, atakula wapi? Atakula kwa mama anayepeleka mihogo sokoni. Na mtoto wa miaka 14 atakataliwaje jeshini ikiwa hakuna karani anayeuliza umri? Akifa, mama yake ataonyesha karatasi gani? Serikali inayoita watu kwa redio bila kuwaandika imejipatia askari isiowagharimia, na deni hilo imewatupia wanakijiji.

Wapo watakaosema vita havisubiri makarani, kwamba adui akiwa mlangoni hakuna nafasi ya fomu na mihuri. Minnesota ya 1861 ilikuwa jimbo la misitu, lenye watu kama 172,000, wengi wao wamehamia juzi, na wiki mbili baada ya ahadi ya Ramsey rejimenti ilikuwa imeandikwa na kuapishwa. Na hata hapa kwetu imewezekana. Kati ya 1992 na 1995 Uganda ilipunguza jeshi lake kwa zaidi ya askari 30,000, wengi wao wakiwa wametoka kwenye vita vya msituni, kwa kuwasajili kwanza, kisha kuwarudisha kila mmoja wilayani kwake na msaada wa kuanzia maisha. Kasoro zilikuwepo, na baadhi waliishia mikononi mwa umaskini, lakini kila aliyerudi alikuwa na karatasi ya serikali inayosema alikuwa askari na sasa ni raia.

Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, kwa hiyo jambo hili si la Kinshasa peke yake. Mazungumzo yoyote ya amani ya Kivu, yafanyike Doha, Nairobi au Luanda, yaanze na daftari. Kila Mzalendo na kila mpiganaji wa kundi lolote aandikwe jina, umri, kijiji na siku aliyoingia. Aliye chini ya miaka 18 atolewe siku hiyohiyo. Anayebaki apewe mshahara na tarehe ya mwisho, na akikataa masharti aruhusiwe kwenda nyumbani. Waliokufa waorodheshwe kijiji kwa kijiji, na orodha ibandikwe mahali mama zao wanapoweza kuisoma. Wabunge wa Afrika Mashariki wanaokutana Arusha wana uwezo wa kuitaka Kinshasa itoe daftari hilo hadharani, na wananchi wanaowalipa wana haki ya kuwauliza kwa nini bado hawajaitaka.